Robo Haigawiwi kwa Zamu

Wazazi wakiambiwa kliniki kwamba wote wawili wamebeba jeni ya selimundu, na kwamba uwezekano wa mtoto wao kuugua ni 1/4, si ajabu wapige hesabu ya haraka: kati ya watoto wanne, mmoja. Kifungua mimba akiwa mgonjwa, wanajipa moyo kuwa zamu imekwisha na watatu wanaofuata wamepona. Hesabu hiyo inafariji, lakini si sahihi.

Kwanza, robo yenyewe inatoka wapi? Kila mtu ana nakala mbili za jeni inayohusika hapa, moja ya baba na moja ya mama. Nakala ya kawaida huandikwa A, ya selimundu S. Mzazi mwenye AS kwa kawaida haugui, ila kila mtoto humpa nakala moja tu, A au S, kama mtu anayerusha shilingi ikaangukia kichwa au mwenge. Wazazi wawili, shilingi mbili, matokeo manne yenye nafasi sawa: AA, AS, SA na SS. Anayeugua ni mwenye SS peke yake. (Mwanafunzi anayehesabu AS na SA kuwa tokeo moja hupata 1/3, na alama zake zinakwenda na maji.)

Mimba ya pili ikitunga, shilingi zote mbili hurushwa upya, wala hazijali zilivyoanguka mara ya kwanza. Matukio yasiyotegemeana namna hii huzidishwa. Uwezekano wa mtoto mmoja kutougua ni 3/4. Wa wote wanne kutougua ni 3/4 × 3/4 × 3/4 × 3/4, yaani 81/256, karibu asilimia 32. Mgonjwa mmoja kamili, awe wa kwanza, wa pili, wa tatu au wa nne, ni 4 × 1/4 × 27/64, sawa na 108/256: asilimia 42. Kwa hiyo ule “mmoja kati ya wanne” hautokei hata katika nusu ya familia za namna hiyo zenye watoto wanne. Zilizobaki, 67/256, zina wagonjwa wawili au zaidi.

Kwa nini basi jeni ya S haijatoweka? Mwaka 1954 Anthony Allison, mwanasayansi aliyekulia Kenya, alichapisha utafiti ulioonyesha kwamba wenye AS wana kinga fulani dhidi ya malaria. Ndiyo maana S imedumu katika maeneo yenye malaria, licha ya madhara yake.

Sasa swali gumu kidogo. Binti wa wazazi wawili wenye AS amekua na haugui. Je, kuna uwezekano gani kwamba amebeba S? Ukijibu 1/2, umesahau habari uliyopewa. Kwa kuwa haugui, SS inafutwa kwenye orodha. Yanabaki AA, AS na SA, na mawili kati ya hayo matatu yana S. Jibu ni 2/3. Akiolewa na mwanamume mwenye AS, uwezekano wa mtoto wao wa kwanza kuugua ni 2/3 × 1/4, yaani 1/6.

Akipima damu, ile 2/3 haipo tena: ni 0 au 1. Ikiwa 0, ile 1/6 nayo inakuwa 0. Ikiwa 1, inapanda hadi 1/4, kwa kila mtoto.