Shujaa na Kijakazi: Swali la Penzi la Taratibu katika Kisa cha Fumo Liyongo

1. Utangulizi

Fasihi ya mapenzi ya siku hizi imezoea kisa cha namna moja: mwanamume mwenye nguvu zipitazo za binadamu, mwenye kisirani na mzito wa maneno, na mwanamke wa kawaida ambaye huulainisha ukavu wake kidogo kidogo. Katika vitabu vya picha vya Marekani, Superman na Lois Lane walitokea pamoja mwaka 1938, na ndoa yao katika mfululizo mkuu wa vitabu hivyo ikaja mwaka 1996. Makala haya yanachunguza iwapo kisa cha namna hiyo kimo katika fasihi ya Waswahili. Mfano ulio karibu zaidi ni wa Fumo Liyongo, ambaye habari zake zilichapishwa kwa nathari na Edward Steere mwaka 1870, kisha zikatungiwa utendi na Muhamadi Kijumwa wa Lamu mwaka 1913.

Masimulizi hayo ni ya nchi ya Pate na mdomo wa Mto Tana, lakini msikilizaji wa Mambrui, kaskazini ya Malindi ng'ambo ya Mto Sabaki, hana haja ya kufasiriwa vitu vyake. Mikoma i mbele ya macho yake. Waata, ambao pia huitwa Wasanye, wanajulikana bara ya hapo. Na kisima ni kisima.

2. Shujaa na ukavu wake

Liyongo hadhuriwi na silaha ila sindano ya shaba itiwayo kitovuni. Akipuliza panda, panda hupasuka. Watu wa msituni walipopanga kumwua katika kikoa cha makoma, zamu yake ya kupanda mti ilipofika hakupanda, bali aliyaangusha makoma kwa mishale. Mtu wa sifa hizo huogopwa kabla ya kupendwa. Hata ndoa yake haikuanza kwa mahaba: Wagala walimtaka kwa sababu ya mbegu yake, wapate mtoto wa nguvu kama zake. Mtoto huyo ndiye aliyekuja kumwua. Kwa hiyo mhakiki atafutaye penzi la taratibu hatalipata kwa mke wa shujaa. Hana budi kumwendea kijakazi.

3. Safari za Saada

Liyongo alipofungwa, mamake alimtuma kijakazi Saada ampelekee chakula. Askari walikitwaa chakula kizuri na kumwachia kilicho duni. Ndipo Liyongo alipomwagiza Saada kwa wimbo: mama aoke mkate wa wishwa, na ndani yake atie tupa. Askari waliudharau mkate wa wishwa wakauacha upite. Usiku wa ngoma ya gungu, sauti za wachezaji zikaufunika mlio wa tupa, na minyororo ikakatika.

Nguvu zote za shujaa hazikufaa kitu gerezani. Kilichomwokoa ni miguu ya mwanamke, kumbukumbu yake ya maneno aliyopewa, na uwezo wake wa kunyamaza. Wahenga walisema: fumbo mfumbie mjinga, mwerevu huling'amua. Kati ya Liyongo na Saada kuna lugha wanayoelewana mbele ya watu wasioielewa, na hiyo ndiyo dalili kubwa ya ukaribu katika kisa chochote cha mapenzi.

4. Sarufi ya taratibu

Tofauti ya utendi wa kishujaa na kisa cha penzi la taratibu yaweza kuelezwa kwa viambishi. Masimulizi ya matendo huendeshwa na -ka-: akafungwa, akakata, akatoka. Penzi la taratibu huhitaji hu-: huja, hupokonywa, hurudi, huja tena. Kiambishi hu- hakina nafsi wala wakati mmoja. Hujenga mazoea, na mazoea ndiyo huzaa mapenzi. Safari za Saada ni za hu-. Mara tu minyororo inapokatika, -ka- inashika hatamu, naye Saada anatoweka katika kisa.

Neno kijakazi nalo lafaa kuangaliwa. Kiambishi ki- kinamdunisha mwenye jina, lakini upatanisho unamrudishia utu: husemwa kijakazi amefika, si kimefika. Jina linamweka pamoja na vitu; kitenzi kinakataa.

5. Utumwa na hiari

Hata hivyo, yafaa kusita. Saada alitumwa, na mtumwa hana ruhusa ya kukataa. Jambo hili si la ngano tu. Katika nusu ya pili ya karne ya 19, mashamba ya nafaka ya Malindi na Mambrui yalilimwa na watumwa, na hadhi ya utumwa ilifutwa kisheria katika pwani ya Kenya mwaka 1907. Utendi wa Kijumwa ulitungwa miaka 6 tu baadaye. Waliousikia mwanzoni waliwajua akina Saada kwa nyuso, na yumkini baadhi yao walikuwa akina Saada wenyewe. Kuiita huduma ya lazima mahaba ni kuipamba. Kuikana imani iliyokuwamo ndani yake ni kumpokonya Saada kitu pekee kilichokuwa chake. Aliagizwa apeleke chakula. Siri ya tupa angeweza kuitoa kwa askari, naye hakuitoa. Hapo ndipo hiari yake ilipo.

6. Hitimisho

Kisa cha Liyongo kina viungo vyote vya penzi la taratibu isipokuwa penzi lenyewe. Shujaa anapokufa akiwa amepiga goti kisimani, mshale umo katika uta, na watu hawathubutu kuteka maji, anayeitwa kumbembeleza ni mama. Saada haitwi. Mtunzi wa leo atakayetaka kukiandika upya kisa hiki asianze kwa kuulainisha moyo wa Liyongo. Aanze kwa kumpa Saada uhuru wa kutokwenda gerezani, kisha amwonyeshe akienda.