"Ningekuoa" kwa Sauti ya Mwanamke

Mwalimu wa Kiswahili mwenye kalamu nyekundu angemkosoa mwimbaji Miriam Makeba mapema kabisa. Katika lugha yetu mwanamume huoa na mwanamke huolewa. Hata mtoto wa shule ya msingi hakosei hapo. Lakini Makeba anapoimba "Malaika" anatamka "ningekuoa" bila kupepesa macho. Angélique Kidjo wa Benin alifanya vivyo hivyo katika albamu yake ya Logozo ya mwaka 1991. Wimbo ulitoka kinywani mwa kijana wa kiume asiye na mali, na wanawake hawa wawili wakauchukua pamoja na kitenzi chake, kama mtu anayevaa koti la kaka yake bila kulipunguza mikono.

Nimeanza na kitenzi hicho kwa sababu kinafungua mlango ambao mabishano yetu ya kila siku huupita. Wimbo wa zamani ukirudiwa na msanii mpya, barazani na kwenye daladala huulizwa swali moja: upi mkali? Jibu nalo huwa limeshapikwa: "Ule wa zamani bwana, hawa wameuharibu." Hayo ni maswali ya Simba na Yanga, mazuri kwa kupitisha jioni. Anayetaka kuusikia muziki wenyewe ana maswali mengine. Aliyeurudia amebakiza nini? Amebadilisha nini? Na alichokiacha, je, alikiona kabla ya kukiacha?

Asili ni ipi?

Kwanza tukubaliane tunalinganisha nini na nini. "Malaika" tunayoiita ya asili ni ya Fadhili William, Mkenya mwenye asili ya Taita, aliyeirekodi karibu na mwaka 1960 akiwa na kundi la Jambo Boys, kisha akairekodi tena mwaka 1963 katika studio za Equator, Nairobi. Angalia hapo: "ya asili" yenyewe ziko mbili, na ya pili ni marudio ya ya kwanza.

Halafu kuna suala la mtunzi. Adam Salim, mwanamuziki wa Tanzania, alidai kwamba aliutunga wimbo huo katika miaka ya 1940, muda mrefu kabla ya Fadhili kuufikisha kwenye kipaza sauti. Wapo pia wanamuziki wa Kenya waliotajwa kuwa na mkono wao humo. Mjadala huo umedumu kwa miongo mingi na sitajifanya hakimu wake. Kwa somo letu linatosha jambo moja: wimbo unaweza kuwa umetembea kwenye harusi na vilabu kwa miaka kabla haujanaswa kwenye santuri. Rekodi ya kwanza ni kama picha ya kwanza ya mtu. Aliyemo alikuwa akiishi kabla ya kupigwa picha, na siku ile alikuwa amevaa nguo za siku ile.

Kwa hiyo ninaposema "rekodi ya kwanza" nina maana hiyo tu. Siipi cheo cha uzazi.

Kodi tatu na safari ndefu

Gitaa lolote likikaa mkononi mwa anayejifunza, baada ya wiki chache anaweza kupiga "Malaika". Wimbo unasimama juu ya kodi tatu za msingi. Kodi za gitaa, si zile za serikali. Kodi hizo ni nyumbani, jirani na njia panda: ya kwanza inakupumzisha, ya pili inakutoa kidogo, ya tatu inakufanya utamani kurudi. Mahadhi nayo hayapandi ngazi kali, ni sauti ambayo mama anaweza kuiimba huku akifua. Wimbo wa namna hiyo husafiri kwa urahisi kwa sababu haumdai mwenyeji vifaa vingi.

Na ulisafiri. Mwaka 1965 Makeba na Harry Belafonte waliutoa katika albamu yao ya pamoja nchini Marekani, iliyojaa nyimbo za lugha za Kiafrika, na mwaka uliofuata albamu hiyo ikatwaa tuzo ya Grammy katika kundi la muziki wa kiasili. Mwaka 1967 kundi la Hep Stars la Uswidi nalo likauimba; mpiga kinanda wake, Benny Andersson, ndiye aliyekuja kuwa nguzo ya kundi la ABBA. Mwaka 1981 ukafika kwa Boney M., kundi lililoundwa Ujerumani na mtayarishaji Frank Farian.

Sikiliza rekodi ya Makeba na Belafonte, kisha ya Boney M., moja baada ya nyingine. Katika ile ya 1965 mwendo ni wa taratibu na ala ni chache, kiasi kwamba kati ya sentensi na sentensi unasikia pumzi. Mwimbaji anaonekana kama yuko chumba kimoja nawe. Katika ile ya 1981 ngoma inashika wimbo kiunoni, na sauti zimepangwa kwa tabaka kama kwaya. Mahadhi ni yaleyale na maneno karibu ni yaleyale, lakini anayesemeshwa amebadilika. Ile ya 1965 inamsemesha mtu mmoja. Ile ya 1981 inausemesha ukumbi mzima, na ukumbi hauwezi kuposwa.

Hilo ndilo jambo la kwanza ninalotafuta ninapolinganisha: wimbo unamwambia nani? Kasi, ala na idadi ya sauti vyote hufuata jibu hilo.

Neno lisilovuka bahari

Mabadiliko makubwa kuliko yote katika "Malaika" hayapo kwenye gitaa wala ngoma. Yapo sikioni mwa msikilizaji. Msikilizaji wa Mombasa au Tanga wa miaka ile ya 1960 alijua mara moja kesi inayosikilizwa: kijana ampenda msichana, mahari hana, na umaskini umemfunga mikono. Ni wimbo wa uchumi uliovaa kanga ya mapenzi. Msikilizaji wa Stockholm au New York alipata sauti tamu ya Kiafrika, na hadi leo wako wanaoamini ni wimbo wa kubembelezea mtoto.

Hata jina lenyewe hupungua likivuka bahari. Kwetu malaika ni kiumbe wa mbinguni, ni mtoto mchanga asiye na dhambi, na pia ni vile vinywele laini vya mwilini vinavyosimama baridi ikikupiga. Sisemi mtunzi alivikusudia vyote. Nasema sikio la Mswahili linavibeba vyote hata asipotaka, na sikio jingine linapokea kimoja tu. Ndivyo ilivyo pia kwa ndege anayeitwa kidege katika wimbo huo. Kile kiambishi "ki" kinaweza kudharau na kinaweza kudekeza, na sauti ya mwimbaji ndiyo inayotuambia ni kipi. Asiyeijua lugha huimba herufi na kutegemea bahati.

Kona iliyogeuka nyumba

Kuna wimbo mwingine unaofundisha somo hili kwa machungu. Mwaka 1939, Johannesburg, Solomon Linda na kundi lake la Evening Birds walirekodi "Mbube", yaani simba kwa Kizulu, katika studio ya Gallo alikokuwa ameajiriwa. Waliurudia mara kadhaa. Katika ule mzunguko wa tatu, kuelekea mwisho, Linda aliachia kipande cha mahadhi ya juu kilichomjia palepale. Kilidumu sekunde chache.

Santuri hiyo ikamfikia Pete Seeger wa Marekani, ambaye alinakili kwa sikio. Kiitikio cha Kizulu akakisikia vibaya na kukiandika "Wimoweh", na kundi lake, The Weavers, likakipeleka hivyo redioni mwanzoni mwa miaka ya 1950. Mwaka 1961 The Tokens wakapewa maneno mapya ya Kiingereza juu ya kile kipande cha sekunde chache, na ndipo ukazaliwa "The Lion Sleeps Tonight", ambao dunia nzima inaujua. Kwa maneno mengine, kona moja ya nyumba ya Linda ilichukuliwa ikajengewa ghorofa.

Ukisikiliza "Mbube" ya 1939 leo, utashangaa jinsi ilivyo nzito. Besi za wanaume zinavuma chini kama mashine, na sauti ya Linda inaruka juu yake kama mtu anayeita kutoka mlimani. Ile ya 1961 imepungua uzito, imekuwa nyepesi ya kuchezea watoto. Kosa la sikio halikuiua kazi, lilizaa nyingine. Kosa la mikataba ndilo lililoua haki: Linda aliuza haki zake kwa shilingi 10 na akafariki mwaka 1962 akiwa maskini. Binti zake walifungua kesi mwaka 2004, baada ya wimbo kutumika katika filamu ya Disney ya The Lion King, na suluhu ikafikiwa mwaka 2006.

Tutenganishe basi mizani mbili. Mizani ya kwanza hupima sanaa, na humo aliyerudia anaweza kumzidi aliyetangulia. Mizani ya pili hupima malipo, na humo hakuna ubunifu unaofuta deni. Sheria zetu nazo hutenganisha mambo: kuna haki ya aliyetunga mahadhi na maneno, na kuna haki ya mwenye rekodi. Ukiuimba upya wimbo wa mtu, unamhitaji mtunzi. Ukikata kipande cha sauti yake na kukiweka katika wimbo wako, unamhitaji pia mwenye rekodi. Tanzania ina Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, na COSOTA ndiyo inayoisimamia. Msanii anayeingia studio kurudia zilipendwa aanzie huko kabla ya kuuliza bei ya video.

Palipo na urithi

Zanzibar ina namna nyingine ya kuyatazama haya. Siti binti Saad alikwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi santuri. Miongo mingi baadaye Bi Kidude, aliyejifunza kwa kumsikiliza, alipanda majukwaa ya dunia akiimba nyimbo za Siti, ukiwemo "Muhogo wa Jang'ombe". Sijawahi kumsikia Mzanzibari akisema Bi Kidude amekopi. Alichofanya kinaitwa kurithi.

Hata hivyo, linganisha sauti. Siti kwenye santuri zile anaimba kwa sauti kali ya juu iliyopenya mikwaruzo ya mashine za wakati huo, akiwa amezungukwa na fidla na udi. Bi Kidude uzeeni ana sauti ya chini, nene, yenye moshi, na mwili wake umezoea ngoma za unyago. Maneno ambayo kwa Siti ni onyo, kwa Bi Kidude ni kicheko cha mtu aliyeyaona. Umri umeingia ndani ya wimbo na kuutafsiri, na hakuna aliyegusa ubeti.

Mombasa nako Juma Bhalo alichukua njia ya kinyume. Alikopa mahadhi ya filamu za Kihindi na kuyavisha mashairi ya Kiswahili. Kule kwa Makeba maneno yalibaki na sikio likabadilika. Huku mahadhi yamebaki na maneno yakazaliwa upya. Na vijana wa leo wana njia yao. "Salome" ya Diamond Platnumz na Rayvanny ya mwaka 2016 ilijengwa juu ya "Maria Salome" ya Saida Karoli, mwimbaji wa Kihaya kutoka Kagera, na ikamrudisha Saida mwenyewe masikioni mwa watu ambao wengi wao walikuwa wachanga alipoanza kuvuma.

Kalamu nyekundu

Turudi kwa kitenzi chetu. Wapo watakaosema Makeba hakuwa na la kufanya, kwamba akibadilisha "ningekuoa" atavunja mizani ya wimbo. Hesabu silabi kwa vidole: ni-nge-ku-o-a, tano. Sasa ligeuze limfae mwanamke: u-nge-ni-o-a, tano vilevile. Noti hata moja haitasogea. Mlango ulikuwa wazi.

Lakini pita mlango huo uone unakokwenda. Akisema "ungenioa", basi asiye na mali si yeye tena, ni mwanamume. "Sina" itabidi iwe "huna", silabi mbili kwa mbili, nayo inakaa sawasawa kwenye noti. Ghafla ungamo la kijana maskini limegeuka lawama ya mwanamke: ungenioa, lakini mali huna. Hapo tumetoka kwenye "Malaika" na kuingia kwenye mipasho, na ukumbi wa taarabu ungesimama kutunza. Ungekuwa wimbo mzuri tu, ila mwingine kabisa.

Iwe Makeba alilipima jambo hilo au alilipita, uimbaji wake umeulinda unyonge ambao ndio moyo wa wimbo. Anaimba kwa niaba ya kijana, na sisi tunaoijua lugha tunasikia watu wawili katika sauti moja: mwanamke anayeimba na mwanamume anayeomba radhi kwa umaskini wake. Katika rekodi ya Fadhili yumo mmoja tu. Siku ukizisikiliza zote mbili, mwachie mwalimu chai yake na uichukue ile kalamu nyekundu. Usisahihishe chochote. Pigia mstari tu.