Goti Jipya, Maumivu ya Zamani: Tusimnyamazishe Mgonjwa

Kila Ijumaa, kabla ya adhana, tunapanga viti nyuma ya safu za msikiti wetu hapa Tabora. Zamani vitatu vilitosha. Sasa kumi na kimoja havitoshi. Wengi wanaovikalia ni wazee ambao gegedu za magoti au nyonga zimelika. Mji wetu umezoea kutembea. Ulikuwa kitovu cha njia ya misafara kati ya Bagamoyo na Ujiji, na wapagazi wa Kinyamwezi walibeba mizigo ya kilo 30 na zaidi kwa miguu, miaka mingi kabla reli haijafika hapa mwaka 1912. Hata leo mzee asiyeweza kutembea hujiona amepungukiwa heshima.

Mmoja wa wazee hao alibadilishwa goti. Ndugu walichanga, waumini wakachanga. Miezi minane baadaye aliniita kando akasema, "Katibu mwanangu, goti ni jipya, lakini usiku silali." Nami nikamjibu, "Subirini, mzee wangu, mshukuruni Allah." Tangu siku hiyo hakulitaja tena. Mtaani wakasema amerogwa. Wengine wakasema anajidekeza.

Jibu langu lilikuwa la haraka, na halikuwa la haki. Upasuaji huu, ambao hapa nchini hufanyika katika Taasisi ya Mifupa Muhimbili (MOI) na kwingineko, huwaondolea wengi mateso. Hata hivyo, tafiti za nchi mbalimbali zinakadiria kuwa takriban mtu 1 kati ya 5 waliobadilishwa goti, na 1 kati ya 10 waliobadilishwa nyonga, hubaki na maumivu ya muda mrefu. Yakizidi miezi 3 baada ya upasuaji, wataalamu huyahesabu kuwa ni maumivu sugu.

Nani yumo hatarini zaidi? Kwanza, ni yule aliyekuwa na maumivu makali kwa muda mrefu kabla ya upasuaji, kwani mishipa ya fahamu ikizoea kupeleka habari ya maumivu, huweza kuendelea hata chanzo kikiondolewa. Pili, ni mwenye maumivu sehemu nyingine za mwili, kama mgongo. Tatu, ni mwenye hofu kubwa, sonono au kukata tamaa. Hii haina maana kwamba anajisingizia. Hali ya moyo hubadili namna ubongo unavyopokea maumivu. Nne, ni aliyekwisha kupasuliwa goti hilo hilo, au ambaye picha ya eksirei ilionesha gegedu imelika kidogo tu. Tano, ni yule ambaye maumivu ya siku za mwanzo baada ya upasuaji hayakutulizwa vizuri. Aidha, maambukizi, kulegea kwa kiungo bandia au mshipa wa fahamu ulioumia huweza kuwa chanzo, na vyote hivi vinahitaji uchunguzi.

Kwa hiyo mgonjwa amweleze daktari mapema maumivu yake yote, dawa anazotumia, usingizi wake na hofu zake, naye aulize atarajie nini. Baada ya upasuaji anywe dawa kwa saa alizopangiwa na afanye mazoezi aliyoelekezwa. Akipata homa, wekundu, usaha, uvimbe wa mguu au maumivu mapya ya ghafla, asingoje tarehe ya kliniki, awahi hospitali.

Huenda msomaji akauliza: je, kusema maumivu si kukosa subira? Nabii Ayyub (a.s.) alimlalamikia Mola wake dhara iliyompata, na Qur'ani imemsifu kuwa ni mwenye subira. Kadhalika, Imran bin Huswayn (r.a.) alipomweleza Mtume (s.a.w.) maradhi yake, alielekezwa aswali kwa kusimama, asipoweza, kwa kukaa, asipoweza, kwa ubavu, kama alivyopokea Imam Bukhari. Hakulaumiwa kwa kusema. Basi anayeswali kitini kwa sababu goti bandia halipigiki chini asitazamwe kwa jicho la dharau.

Mzee wetu hatimaye alirudishwa kliniki na mwanawe. Haikuonekana ishara ya maambukizi wala kulegea. Mshipa wa fahamu ndio uliokuwa unauma. Alibadilishiwa dawa na kupangiwa mazoezi. Maumivu hayajaisha, lakini sasa analala. Kilichomchelewesha ni nauli na aibu. Kutoka Tabora hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 800, na mchango wetu uliishia kwenye gharama za upasuaji. Ama ile aibu, sehemu yake niliisababisha mimi, na nimemwomba radhi.

Kamati yetu sasa imekubaliana kwamba kila mchango wa matibabu uhesabu pia nauli za kurudi kliniki, na kwamba mgonjwa atembelewe hata miezi baada ya kutoka hospitali. Nazinasihi familia zifanye hivyo hivyo. Kumzuru mgonjwa ni haki yake juu yetu, na kumsikiliza ni sehemu ya haki hiyo. Allah awaponye wagonjwa wetu, na atujaalie masikio yenye huruma. Amin.