Dawa ya Chuma na Kikombe cha Chai

Udongo wa Nyeri ni mwekundu, na wekundu huo watokana na kutu ya chuma iliyomo ndani yake. Hata hivyo wako watu katika nchi hiyo, tangu Othaya hata Nanyuki, ambao miili yao imepungukiwa na chuma, na hasa ni wanawake waja wazito na watoto wadogo. Dalili zake ni kuchoka upesi, kupumua kwa shida mtu apandapo kilima, moyo kwenda mbio, na weupe wa viganja na wa ndani ya kope. Wengine hushikwa na hamu ya kula udongo, au yale mawe laini yauzwayo katika masoko mengi ya Kenya. Hamu hiyo isichekwe, kwani mara nyingi ni alama ya ugonjwa wenyewe. Lakini kula udongo si tiba: udongo waweza kukishika chuma cha chakula kisiingie mwilini, tena waweza kuleta minyoo.

Katika kliniki za waja wazito nchini Kenya mama hupewa kidonge kimoja cha kumeza kila siku mpaka ajifunguapo. Ndani yake mna miligramu 60 za chuma, pamoja na dawa iitwayo asidi ya foliki. Mtu ambaye amekwisha kuugua hupewa kadiri tabibu aonavyo baada ya kumpima damu. Yafaa ijulikane kwamba kidonge kilichoandikwa miligramu 200 za salfeti ya chuma hakina miligramu 200 za chuma chenyewe, bali kama 65 tu. Basi mtu asijipimie mwenyewe kwa kusoma chupa.

Sasa tutazame jinsi dawa hiyo inavyomezwa. Katika vilima hivi siku huanza kwa chai ya maziwa, na wengi humeza kidonge kwa kikombe hicho hicho. Hapo dawa hupotea bure. Majani ya chai yana kitu kikali kinachoshikamana na chuma, na maziwa nayo huzuia. Hivyo chuma hupita tumboni na kutoka na choo. Kahawa haina nafuu. Chai haikatazwi, maana lingekuwa neno gumu kuwaambia watu wa Chinga waache kunywa kile wakichumacho kwa mikono yao. Yatakiwa tu iwe mbali na dawa kwa muda wa saa mbili. Kidonge kimezwe kwa maji, tumbo likiwa tupu, na kama liko chungwa, limau au pera, liliwe pamoja nacho, kwa kuwa matunda hayo husaidia chuma kuingia katika damu. Mtu ambaye tumbo lamsumbua sana na ameze baada ya chakula kidogo. Ni afadhali kuliko kuacha kabisa. Dawa za kiungulia na baadhi ya dawa za kuua vijidudu hazipatani na chuma zikimezwa pamoja, kwa hiyo mwuguzi aambiwe dawa zote mtu atumiazo.

Choo hugeuka kuwa cheusi. Jambo hili huwatisha wengi, nao huvitupa vidonge, lakini ni rangi ya chuma tu. Choo kinachonata kama lami na kunuka vibaya ndicho cha kupelekwa habari hospitali. Kufunga choo na kichefuchefu ni kawaida pia. Mwaka 2017 wataalamu wa Zurich, Uswisi, walionyesha kwamba wanawake waliopungukiwa na chuma walikipokea vizuri zaidi walipomeza dawa siku moja na kuacha siku moja, maana baada ya kila kidonge mwili hufunga mlango wake kwa muda. Anayesumbuliwa na azungumze na tabibu juu ya njia hiyo, wala asibadili mwenyewe.

Hatari iliyo kubwa kuliko zote ni ya mtoto mdogo. Vidonge vyekundu vyenye sukari juu yake hufanana na peremende, na vidonge 10 vya kliniki vyaweza kumwua mtoto wa kilo 10. Tena sumu hii ina hila: mtoto hutapika, kisha baada ya saa kadhaa huonekana amepata nafuu, na ndipo huzidiwa. Akiisha kumeza, apelekwe hospitali saa ile ile, iwe Nyeri, Mathari, Tumutumu au iliyo karibu, na chupa ichukuliwe. Nyumbani dawa ikae juu, mahali penye kufungwa.

Si kila mwenye damu pungufu apewe chuma. Huko Pemba watoto wengi walipewa chuma na asidi ya foliki ili kuwasaidia, na ripoti iliyotolewa mwaka 2006 ilionyesha kwamba vifo na kulazwa hospitali vilizidi kwa asilimia 12, kwa sababu malaria ilikuwa nyingi. Nyeri si Pemba, lakini mzazi aendaye na mtoto Mwea au pwani na aulize kwanza. Mwenye selimundu asimeze bila kupimwa. Mzee apungukiwaye na damu huenda anatoka damu tumboni pasipo kujua, na vidonge vitamficha ugonjwa.

Jambo moja ni la nchi ya milimani. Nyeri iko zaidi ya meta 1,700 juu ya bahari, na watu wa juu huwa na damu nzito zaidi kuliko wa Mombasa. Kwa hiyo kipimo ambacho pwani huitwa kizuri, Nanyuki chaweza kuwa cha upungufu. Baada ya mwezi mmoja wa dawa mtu arudi kupimwa. Isipopanda, sababu itafutwe. Ikipanda, aendelee kwa miezi mitatu hivi, kwa kuwa ghala ya mwili hujaa mwisho, hata kama nguvu zimekwisha kurudi.