Watumishi wa Palestina: kazi iliyokatwa asubuhi moja

Ndugu watumishi, na ninyi mama mnaobaki nyumba mukihesabu siku za mwezi,

Tangu vita ya Gaza, mu bisi ya kazi tunabishana. Mmoja anasema Israeli ni taifa la Biblia, tusiseme neno juu yake. Mwingine anajibu Wapalestina ni ndugu zake mu dini. Siku moja wawili karibu wapigane, na ni watu wanaoshuka pamoja mu shimo moja. Sisi wa sendika tukawaambia: "Baba, mbele ya kuuliza nani iko na haki, tuulize kwanza: ule anayetumika kule, anaishi namna gani?" Njo habari tunayoleta leo.

Ugomvi wenyewe ni wa udongo. Mwaka 1947 ONU ilikata Palestina mara mbili, sehemu ya Wayahudi na sehemu ya Waarabu. Waarabu walikataa, vita ikaja, Israeli ikazaliwa mwaka 1948, na Wapalestina zaidi ya 700,000 wakapoteza makao yao. Mwaka 1967 Israeli ikashika Gaza na Cisjordanie. Kuanzia pale, Wapalestina wakaanza kuvuka kila siku kwenda kutumika Israeli, zaidi sana kwenye ujenzi na mashamba.

Walivuka juu ya nini? Juu kule mushahara ulikuwa mara mbili na zaidi ya ule wa kwao. Lakini mtu hawezi kuvuka bila permis. Wengi waliamka saa tisa ya usiku, wakasimama kwenye mustari mrefu wa bariyeri, ndani ya vyuma, ili wafike kazi asubuhi. Kwa miaka mingi permis ilifungwa kwa patron mmoja: ukigombana naye, permis imekufa. Halafu kulikuwa wale wa katikati, wenye kuuzisha permis. Mtumishi aliwalipa shekeli 2,000 na zaidi kila mwezi, mbele ya kununua unga wa watoto. Sisi wa sous-traitance, haturefushi maneno hapa. Tunajua badge ni nini.

Mambo ya sendika nayo: tangu mwaka 1970 walikatwa pesa kwa ajili ya Histadrut, sendika kubwa ya Israeli, lakini hawakuwa memba wake, hawakupiga kura. Mwaka 2008 Histadrut na sendika ya Wapalestina, PGFTU, wakapatana kwamba nusu ya ile pesa irudi kwa Wapalestina. Ni kidogo, lakini ilitoka mu mazungumzo.

Tarehe 7 Oktoba 2023, wapiganaji wa Hamas waliingia Israeli. Waliua watu karibu 1,200 na kukamata 251. Kati ya waliokufa kulikuwa makumi ya watumishi wa mashamba kutoka Thailand, na vijana wawili wa Tanzania waliokwenda kujifunza kilimo. Walikufa mu ugomvi usiokuwa wao. Kisha Israeli ikapiga Gaza miaka miwili. Wizara ya afya ya Gaza inahesabu wafu zaidi ya 60,000, na wanawake na watoto ni wengi sana. Mu Oktoba 2025 wakapatana kusimamisha vita.

Na mtumishi? Ile siku ya 7 Oktoba, watu karibu 150,000 wa Cisjordanie walikuwa na ruhusa ya kutumika, na karibu 18,000 wa Gaza. Permis zikafungwa mara moja. Hakuna barua, hakuna préavis, hakuna malipo ya mwisho kwa wengi. Wa Gaza waliokuwa kazini, elfu nyingi, walikamatwa. Tarehe 3 Novemba wakarudishwa kwa miguu ndani ya vita, wengine wangali na kikaratasi cha namba kwenye mguu. Mu Cisjordanie watu wasiokuwa na kazi walipanda kutoka karibu 13 kwa mia mpaka zaidi ya 30. Baba wengine wanapanda ukuta kwa kamba ili watafute kazi ya siku moja, na kuko waliokufa pale.

Sasa angalieni mapatroni. Chantier zilisimama, wakatafuta mikono mingine. Malawi ilituma vijana zaidi ya 200 kwenye mashamba mu Novemba 2023. India ilituma maelfu kwenye ujenzi. Lakini sendika kubwa za India zilisema hapana: hatutaki watu wetu wachukue nafasi ya mtumishi aliyefukuzwa, tena mu vita. Hatulaumu kijana mwenye njaa. Tunasema tu: anayekufukuza wewe leo kwa siku moja, ule anayekuja nyuma yako atamufukuza vilevile.

Kuna habari moja tunaipenda, juu inatugusa sisi watu wa mawe. Mwaka 2011, Wapalestina waliokuwa wanavunja mawe kwenye carrière ya Salit, karibu na Yerusalemu, waligoma. Walitaka mukataba wa pamoja, wenye kuandikwa. Chama kilichosimama nao, WAC-Maan, ni chama cha ndani ya Israeli, na ndani yake kuko Wayahudi na Waarabu. Mu mustari wa mugomo hakuna aliyeuliza mwenzake anasali wapi.

Hatumwambii mtu aache dini yake wala imani yake. Lakini kesho, mu bisi, mwenye kushangilia watu waliouawa, wa upande huu ao wa upande ule, ajue kwamba anashangilia mbele ya watumishi. Kati ya wafu wale kulikuwa mtu aliyeamka usiku sawa yeye, na mama aliyebaki nyumba akimungojea.

Na mukataba wenu, ndugu, musome. Kama hauna mukataba, kuja kumuona délégué wako mbele mwezi haujaisha.