Msichokonoe Magego kwa Pini

Mama ameichomoa pini kwenye mtandio na kuuliza swali ninaloulizwa kila wiki: "Daktari, huu weusi kwenye gego la mwanangu niuchokonoe vipi utoke?"

Usiuchokonoe. Si kwa pini, si kwa kijiti, si kwa ukucha.

Mifereji ya magego mingi ni myembamba kuliko unywele mmoja wa mswaki, ambao unene wake ni kama milimita 0.2. Pini haifiki chini. Inaishia kukwaruza kingo, na hapo ndipo balaa. Jino likianza kuoza hupoteza madini kwa ndani kwanza, ngozi ya juu ikiwa bado nzima. Maadamu ngozi hiyo ni nzima, mate na floridi hurudisha madini yaliyopotea. Itoboe kwa chuma, na shimo ambalo halikuwepo asubuhi utakuwa umelichimba kwa mkono wako. Hata sisi zamani tulifundishwa kudunga mifereji kwa ncha kali tukitafuta pa kunasa. Tumeacha, kwa sababu hiyohiyo.

Tena weusi wenyewe mara nyingi ni rangi ya chai, au uozo uliokwisha kusimama ukawa mgumu. Hakuna mdudu wa kutoa humo! Nao mkaa wa kusaga mnaosugulia meno hukwama ndani ya mfereji, ukauzidishia weusi, huku ukilisaga jino. Ndugu zangu wa Arusha na Kilimanjaro, madoa yenu ya kahawia yametokana na floridi nyingi katika maji ya utotoni. Yamo ndani ya jino lenyewe, mkaa hautayang'oa.

La kufanya ni hili. Dawa ya meno yenye floridi, asubuhi na kabla ya kulala, tema, usisukutue. Punguza idadi ya mara za sukari kwa siku. Gego la miaka 6 huota nyuma ya meno ya utoto bila jino lolote kung'oka, wazazi wakadhani nalo litang'oka: ni la kudumu. Bado liko chini ya wenzake, basi ingiza mswaki kutokea pembeni. Mlete mtoto tuizibe mifereji, bila sindano wala kuchimba, na tena magego ya miaka 12 yakitoka. Pakiwa pameshaoza, huenda tukapaka floridi ya fedha. Hiyo hupageuza peusi kabisa, na ndivyo inavyofanya kazi, msipakwaruze.