Waya za Meno

Mtoto mwenye meno yaliyopindana huenda kwa mganga wa meno, naye humfungia waya za kuyanyoosha polepole. Kazi hiyo huchukua mwaka au zaidi. Siku za kwanza waya hukwaruza shavu, kwa kuwa ngozi ya ndani ni nyororo. Mtoto anakataa hata sombe, anataka kuing’oa. Asiing’oe! Meno yatarudi upande.

Akaushe waya kwa kitambaa safi. Achukue nta aliyopewa na mganga, kadiri ya punje ya mahindi, aifinyange, aibandike panapokwaruza. Kidonda akisukutue kwa kikombe cha maji ya vuguvugu chenye nusu kijiko kidogo cha chumvi, kisha ateme.

Muwa auache: huvunja waya, na ncha yake huchoma kama mwiba. Ncha hiyo aikate mganga.